Kofia Niliyosingizia Upepo

Jumanne, 10 Oktoba 1995

Shimanzi, Mombasa. Vumbi la malori limeingia mpaka ndani ya chai. Hati za asili zimejaa meza, sina pa kuweka kikombe.

Tangu nchi zetu zikubaliane kupunguziana ushuru, hii ndiyo kazi yangu kutwa. Kila mzigo unaoingia unataka hati ya kusema umetengenezwa wapi. Ukitoka nchi mwanachama, ushuru mdogo. Ukitoka nje ya umoja, utajijua. Mimi karani wa wakala wa forodha nazisoma hati, nafungua marobota mawili matatu, naweka sahihi. Naipenda kazi hii. Karatasi haikuonei haya. Ina muhuri au haina.

Leo kaja mteja mpya kutoka Dar es Salaam, Bwana Hilali. Mtu mzima, mpole, kanzu imenyooka. Ana karakana ya mashine za kudarizi. Nilikuwa nimevaa kofia yangu ya harusi kwa sababu meneja alisema mgeni ni mkubwa. Macho yake hayakutoka kichwani mwangu. Akaisifu alipoingia. Akaisifu tena tukinywa kahawa. Akaisifu mara ya tatu akiaga, akauliza nani mwenye mkono huu.

Marehemu baba alinifunza: mgeni akisifu kitu mara tatu, kitu si chako tena. Nikaivua, nikampa. Akakataa, nikamlazimisha. Akaibusu. Nimerudi nyumbani kichwa wazi na kifua mbele.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mama ameniuliza kofia iko wapi. Kila Ijumaa hunikagua mlangoni kabla sijaenda msikitini, utadhani nina miaka saba. Nina thelathini na tisa, mke, na mvi mbili.

Ningesema kweli. Nimempa mgeni, basi. Pengine angefurahi. Lakini ile kofia aliishona miezi mitatu, mimi nikiwa nimeposa, na ua lile ni lake peke yake, hakuna mwingine Mji wa Kale mwenye ua kama lile. Nikaona uso wake. Ulimi ukanitangulia. Nikasema upepo. Kivuko cha Likoni, upepo mkali, kofia ikaingia majini.

Akanipa pole. Mama, pole yako imenichoma kuliko matusi.

Jumapili, 22 Oktoba

Ameanza kunishonea nyingine. Nimemkataza, hasikii. Macho yake yamefanya ukungu tangu mwaka juzi, kazi anaifanya kwa vidole. Bi Zuhura ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano. Hukaa naye barazani kwetu tangu asubuhi hadi adhuhuri, uzi ukiisha anamtungia mwingine, bila kuambiwa.

Bi Zuhura ni jirani yetu, mjane, hana mtoto. Wameshona pamoja tangu kabla sijazaliwa. Mama huchora ua kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, wanawake watano huja kuchukua kazi, wanatoboa vitundu na kuvizungushia uzi, kitundu kimoja kimoja. Kofia zikitimia zinapelekwa duka moja la mtaa wa Ndia Kuu. Lakini ua la kofia yangu hakuwapa hao watano. Analijua yeye na Bi Zuhura tu. Wiki ya harusi yangu Mama alishikwa na homa, Bi Zuhura ndiye aliyeimalizia, akaifua, akaitia wanga, akaniletea mwenyewe asubuhi ya nikaha.

Na hapa niandike jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Ile kofia ilikuwa na kosa. Maua yote yana petali nane, ila moja, la nyuma kabisa, kisogoni. Lile lina saba. Nililigundua siku ile ile ya harusi kwa ncha ya kidole. Nikalipenda. Miaka kumi na miwili, kila nikikwama na hesabu za ofisini, kidole kinapanda kisogoni kulitafuta.

Sasa kinapanda na kukuta nywele.

Alhamisi, 16 Novemba

Kahawa ya alasiri, Makadara. Ubishi juu ya umoja wa soko. Mzee Shee, aliyefanya kazi reli enzi za Jumuiya ile iliyovunjika, anasema hana hamu. Asema aliona nchi tatu zikila sinia moja, siku ya kugombana kila mmoja akaondoka na tonge lake na wafanyakazi wakabaki kulamba vidole. Asema mwenye mashine kubwa ndiye anayefaidi mpaka ukifunguliwa.

Nilimjibu kwa fahari. Nikasema soko kubwa ni riziki kubwa. Sabuni yetu inafika Lusaka. Masanduku yetu ya mbao yenye njumu za shaba yanafika Kampala. Bandari haipumui kwa kazi. Nikasema anayeogopa mlango wazi ni mvivu.

Watu walicheka. Nilijiona nimesema.

Jumatatu, 8 Januari 1996

Sijui niandikeje.

Marobota arobaini yameingia leo kutoka Dar es Salaam. Mwenye mzigo, Bwana Hilali. Bidhaa, kofia za kudariziwa. Hati ya asili safi, mihuri yote, sahihi zote. Nikamwambia Hamisi, hamali wetu, afungue robota moja.

Kofia yangu. Ile ile. Halafu chini yake kofia yangu. Na chini yake tena. Nimezitoa kumi na mbili nikazipanga juu ya sanduku. Ua la Mama, kila moja. Nikapeleka kidole kisogoni pa ya kwanza. Nikahesabu. Saba. Ya pili, saba. Ya tatu, saba. Mashine imenakili hata kosa.

Hamisi akaniuliza kama naumwa.

Hakuna aliyeiba. Hilo ndilo linalonikaba. Mzigo umetengenezwa nchi mwanachama, kwa uzi wa nchi mwanachama, hati haina hata doa. Mtu nilimpa kofia kwa mkono wangu, hata sikumwuliza ataifanya nini. Nimekaa na kalamu mpaka wino ukakauka. Kisha nimeweka sahihi. Ningekataa kwa sababu gani? Kwamba ua ni la mamangu? Hakuna kisanduku cha kuandika hivyo.

Jumanne, 16 Januari

Zimefika mjini. Zimetundikwa Makadara, Mwembe Tayari, mpaka pale kwa wauza viatu. Kwa bei ya kofia moja ya mkono unapata sita za mashine.

Leo mwenye duka wa Ndia Kuu amerudisha kazi ya Mama, imefungwa kwa gazeti. Kwa adabu. Amesema asubiri mpaka baada ya Idi. Kila mtu anajua kofia haziuzwi baada ya Idi. Huu ndio mwezi wa Mlisho, watu wanajitayarisha na Ramadhani, mwezi ambao Mama na wenzake hufanya riziki ya nusu mwaka. Wale wanawake watano wamekuja mmoja mmoja kuuliza kama kuna kitambaa. Amewarudisha mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa ndani nakula. Nikasikia yote.

Jumamosi, 20 Januari

Leo ilikuwa vunja jungu, karamu ya kuipokea Ramadhani. Tumekula pamoja, sisi na Bi Zuhura, kama kila mwaka. Fatma, mke wangu, alipika pilau. Ningeomba chakula kile kinipalie koo.

Jirani mmoja alipita na kofia mpya, akaivua kumwonyesha Mama, hajui alifanyalo. Mama akaishika. Akaipapasa polepole pande zote kwa vidole vile vyake. Macho yake hayaoni petali, lakini ua lake analijua kama uso wa mtoto. Mikono ikasimama.

Akasema, "Zuhura, ua hili twalijua wawili. Miye sijaliuza."

Bi Zuhura aliichukua ile kofia. Yeye macho yake mazima. Akaigeuza. Akatazama kisogoni, muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi. Mara moja tu. Nikainamisha kichwa, nikajifanya natafuta mfupa wa nyama.

Akairudisha. Akasema, "Nami sijaliuza, Rukia." Basi. Hakuapa, hakulia.

Mama akasema, "Basi limejiuza lenyewe."

Bi Zuhura akanawa mikono, akajifunga buibui yake, akaenda. Sahani yake ilikuwa bado nusu. Urafiki wa miaka hamsini umekatika juu ya mkeka wangu, na mimi ndiye niliyeshika kisu, na nilikuwa natafuta mfupa.

Alhamisi, 25 Januari

Siku ya tatu ya mfungo. Nimefunga kula, kunywa, na kusema kweli.

Ijumaa, 2 Februari

Hamisi leo amenishika mkono mbele ya watu. Mdigo huyu anakaa Majengo, chumba kimoja, wana wanne wa kiume. Asema kila Idi mkubwa ndiye hupata kofia mpya, wengine wanapokezana za zamani. Mwaka huu amenunua nne. Nne, siku moja. Asema amewavisha jana kwa kujaribu tu, mkewe akawatazama wamesimama mstari mmoja, akatokwa na machozi.

"Umoja huu Mungu aubariki, Bwana Abudi. Leo hata hamali ana kichwa."

Nikamwambia amina. Na niliisema kwa moyo, hilo ndilo linalonishangaza. Ni kweli. Watoto wanne wa Majengo watakwenda kuswali Idi na vichwa vilivyopambwa kwa ua la mamangu. Mama angeweza kushona maisha yake yote asiwafikie.

Nikirudi nyumbani nikapita mlango wa Bi Zuhura. Umefungwa. Zamani haukufungwa mchana.

Nani wa kulipiza nani, sijui. Ningekuwa na mtu mbaya wa kumlaumu ningelala vizuri. Nikimtafuta namwona mmoja tu, na yuko kwenye kioo.

Alhamisi, 8 Februari

Kifurushi kutoka kwa Bwana Hilali. Dazeni moja ya kofia, karatasi laini, na barua. Ananishukuru. Asema kofia zinakwenda mpaka Kigali. Asema ua lile amelipa jina la "Mvita", kwa heshima ya mji wangu, na ananiomba nimfikishie salamu zake za dhati mwenye mkono ule, Mungu ampe umri.

Hata katika hili ni muungwana. Laiti angekuwa mwizi.

Nimeficha kifurushi juu ya kabati, nyuma ya sanduku la marehemu baba. Fatma ameniona. Alisema tu kwamba juu ya kabati kuna vumbi na siku ya kufagia inakuja.

Jumatano, 14 Februari

Nimerudi mapema leo. Mama yuko barazani peke yake, na kofia yangu mpya mapajani. Anajaribu kutunga uzi. Analamba ncha, anaipeleka, inapita pembeni ya sindano. Analamba tena. Nilisimama kwenye ngazi nikamhesabia. Mara kumi na moja. Hakuniona.

Fatma amejitolea kumtungia, Mama amekataa. Mimi nimejitolea, amenipa, nimetunga, nikaketi pale ambapo Bi Zuhura huketi. Uzi ukaisha, nilikuwa nimepitiwa na usingizi wa saumu. Hakuniamsha. Nilipofumbua macho alikuwa amejidunga kidole na tone la damu limeingia kwenye kitambaa cheupe. Ameligeuza upande wa ndani. Asema halitaonekana.

Asema anataka niivae Idi. "Ile ilochukuliwa na upepo, Mungu ataka nikushonee nyingine kabla mato hayajazimika."

Nimeingia ndani nikakaa chooni mpaka magharibi, maana ndiko pekee kwenye komeo.

Mimi si mtu mzuri. Naandika ili niione kwa mwandiko wangu. Nimeweka sahihi karatasi elfu za kuthibitisha asili ya vitu vya watu, na hiki kimoja, ninachokijua asili yake, nimekisingizia upepo.

Jumamosi, 17 Februari

Nimemwambia.

Baada ya alasiri, Mama alipokwisha kuswali. Niliteremsha kile kifurushi na vumbi lake, nikakiweka mbele yake, nikakaa chini. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Yote yalinitoroka. Nilisema: upepo haukuchukua kofia, niliitoa mimi. Nikamweleza mgeni, sifa mara tatu, marobota arobaini, sahihi, barua na salamu zake. Nikamweleza petali saba, kwamba ndiyo alama, ilikuwa kwenye yangu na sasa iko kwenye zote, kwa hiyo haikutoka kwa Bi Zuhura wala kwa mtu mwingine. Imetoka kichwani mwangu.

Nilidhani atanipiga. Ningeshukuru. Akafungua kifurushi, akatoa kofia moja, akatafuta kisogoni kwa kidole. Akahesabu kwa sauti. Alipofika saba akaanza tena. Akahesabu mara tatu.

Kisha akasema, "Kutoa si kosa. Babako angetoa."

Akairudisha kofia ndani ya kifurushi.

"Nimwambie nini Zuhura sasa? Nimwambie upepo?"

Akaniambia nitoke mbele yake. Nikiwa mlangoni akaongeza kwamba Idi nitavaa ya mashine. Nimezileta mwenyewe, nizionje mwenyewe.

Hakufuturu na sisi. Fatma amempelekea uji chumbani.

Jumatatu, 19 Februari

Kwa Bi Zuhura. Nilitaka Mama aje, akasema atakuja kwa miguu yake, lakini yangu itangulie.

Alinikaribisha. Akaniuliza hali, ya Fatma, ya kazi, ya saumu, salamu zote mpaka mwisho, hakuna hata moja aliyoiruka. Kila salamu ilikuwa kofi. Kisha nikamwomba radhi. Nikakiri yote. Aliniacha nimalize.

Akasema amejua tangu ile siku ya pilau.

Nikadhani sikusikia. Akasema, "Lile ua la kisogoni nalishona miye, mwanangu. Mamako yuwaumwa, miye usiku kucha nikimpangusa jasho, asubuhi ndiyo nikaa kumalizia kofia. Usingizi ukanishika, nikaruka petali moja. Nalipoiona nikaona haya, nikaitia wanga haraka nikakuletea. Miaka yote hiyo nikiomba asiione. Yeye kazi yake haina kosa."

Kwa hiyo alipoigeuza ile kofia mbele yetu, aliona kosa lake mwenyewe. Na akaona uongo wangu. Kosa ambalo liko kwenye kofia moja tu duniani, na kofia hiyo iko chini ya bahari Likoni.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Angesema neno moja tu angejisafisha.

Akasema, "Rukia ana mato mabovu na mwana mmoja. Mato yashaondoka. Nimwondoe na mwana?"

Nililia. Mtu mzima, mchana, mwezi mtukufu, kwenye mkeka wa mwanamke niliyemwacha abebe jina la mwizi siku thelathini. Alinipa ncha ya leso yake kama nilipokuwa mdogo. Hakusema haidhuru. Nashukuru hakusema. Alisema tu, magharibi inakaribia, nenda kwenu.

Jumatano, 21 Februari

Idi. Mwezi ulionekana.

Nimevaa ya mashine. Mama alisimama mlangoni akanikagua kama kawaida, akanigeuza kisogo, akagusa, akasema haya, nenda.

Uwanja umejaa. Nilipata nafasi safu ya nne. Na kwa kuwa kosa liko nyuma ya kichwa, nikaliona. Safu yote mbele yangu, visogo kwa visogo, ua la petali saba. Matajiri, mahamali, wazee. Imamu akisema takbira tunainama, saba saba zinainama. Sikumbuki nilichosoma. Mungu anisamehe na hiyo Swala pia.

Baada ya hotuba Hamisi akaniita kwa mbali. Wanawe wanne, mstari, wamenawiri. Mdogo kofia imemfika kwenye masikio. Wamenipa mkono mmoja baada ya mwingine. Nimewapa Idi yao.

Mzee Shee naye nilimwona. Kavaa ya mkono, kuukuu, rangi ya maziwa. Tulipeana mkono wa Idi. Sikuwa na la kumbishia na hakunidai.

Niliporudi nyumbani viatu vya Bi Zuhura vilikuwa kwenye ngazi. Sikuingia. Nilizunguka mtaa mzima mara mbili.

Alhamisi, 22 Februari

Fatma ndiye aliyenihadithia. Mama alikwenda mwenyewe kwa Bi Zuhura asubuhi ya Idi, akishika ukuta, na sahani ya halua. Yaliyosemwa kule hakuna anayeyajua. Walirudi wameshikana mikono. Bi Zuhura akamwambia juu ya petali iliyorukwa, hapo hapo mlangoni, mbele ya Fatma. Mama akamwachia mkono. Fatma asema alidhani vita vimerudi.

Kisha Mama akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Zuhura we! Hadi Kigali wavaa usingizi wako!"

Hata sasa wanacheka, mimi nimo chumbani naandika. Kicheko hicho sina haki nacho.

Jumapili, 3 Machi

Wako barazani tangu asubuhi. Uzi ukiisha, Bi Zuhura anatunga. Wale wanawake watano wamebaki watatu. Mmoja anakaanga bajia Makadara, mwingine amekwenda kwa mwanawe Malindi. Duka la Ndia Kuu halijaita. Sidhani litaita.

Kofia mpya imetimia leo. Tone la damu liko ndani, halionekani, kama alivyosema. Bi Zuhura amehesabu petali zote, mara mbili, ua kwa ua. Nane, nane, nane mpaka mwisho. Imefuliwa, imetiwa wanga, imevikwa juu ya bakuli ikauke.

Nilidhani ni yangu. Mama ameniita, akaniambia niifunge vizuri, niipeleke Dar es Salaam, kwa Bwana Hilali. Na barua. Amenitamkia nikaandika: amepokea salamu zake, naye anamsalimu. Ua lile kashona yeye na Zuhura binti Said. Lile alilonakili lina upungufu wa petali moja. Hawezi kuzuia nchi zote zisivae kazi yake, na hataki kuzuia, lakini kama watavaa basi wavae iliyotimia. Na mwenye karakana akiwa na kazi ya kuchora maua mapya, wako hapa wawili, mmoja ana macho na mmoja ana vidole.

Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema nimsomee tena.

Nimejaza fomu ya kifurushi. Bidhaa: kofia moja. Asili: Mombasa, Mji wa Kale, kazi ya mkono. Nimeandika majina yao yote mawili, ingawa fomu haikuuliza. Nimeweka sahihi yangu chini.

Kesho nitaipeleka posta. Zile za mashine nimezigawa zote, hata ile ya Idi. Mama hajasema kama atanishonea nyingine, nami sijamwuliza.